Simoni Alipotikisa Mabawa

Injini ilikohoa mara moja juu ya bonde la mpunga la Giteranyi, ikakohoa tena, kisha kimya. Simoni akajaribu kuiwasha. Wapi! Akajaribu tena huku akiibembeleza, "Njoo mama, njoo," na propela ikagoma mbele ya macho yake. Kwenye tangi lililokuwa mbele ya magoti yake kulikuwa na lita mia tano za dawa ya viwavijeshi. Dawa! Jina la kuwatuliza watu tu hilo. Ni sumu.

Gitega, alikopaa asubuhi, sahau. Pande zote vilima na migomba. Sehemu tambarare na kavu ilikuwa moja tu, malisho ya ng'ombe kando ya mto, nayo hayakuwa na mtu. Asante Mungu! Akaielekeza ndege huko.

Halafu akaingiwa na hofu: je, kama kuna mchungaji amelala kwenye majani? Kwa haraka ya kumwonya akatikisa mabawa, kushoto, kulia, kushoto.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Simoni yalikuja papo hapo. Juzi tu alisimama mkutanoni kwa mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji, pamoja na Vumilia, shangazi yake aliyemlea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akawaambia watu: "Ndege ikianza kazi, ondoeni ng'ombe na watoto malishoni. Nikitikisa mabawa nimemaliza, shukeni." Vumilia akayarudia maneno hayo mara tatu, kwa maringo ya mtu aliyelea rubani.

Basi wakashuka. Ng'ombe mbele, watoto nyuma yao, akina mama mbio mbio. Injini ilikuwa imekufa, kwa hiyo hata vigelegele alivisikia.

"Rudini!" alipiga kelele peke yake mle ndani. "Rudini, wajinga nyie! Ee Mungu, mjinga mimi!"

Alama ya kuwafukuza hakuwafundisha. Mkono ulikwenda kwenye mpini wa kumwaga sumu, ndege iwe nyepesi, labda ingefika ng'ambo ya mto. Lakini chini yake sasa palikuwa na vichwa vya watu, na watoto walikuwa wanampungia. Akauachia mpini. Alilia, ndiyo, mwanamume wa miaka arobaini alilia kwa sauti, na huku analia akaigeuza ndege kushoto, migombani.

Alipozinduka, kichwa kilikuwa chini, mguu umebanwa na vyuma, na sumu ilikuwa inamchuruzika shingoni. Macho yaliwaka moto. Akasikia nyayo za watu wengi.

"Msije!" Sauti ilitoka kidogo mno. "Shangazi, wazuie! Hii sumu!"

Vumilia alisimama hatua kumi hivi kutoka pale, anahema. Akawageukia watu. "Hakuna kupita hapa! Mtoto wa mtu akivuka namvunja miguu, mnanisikia?" Wote wakasimama, na wenye watoto wakawashika mikono.

Simoni akafumba macho. Ameshukuru, amechoka, angeweza kufa sasa.

Kisha akasikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa. Vumilia alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, anakuja yeye, miguu mitupu, tope lile lenye sumu likimfika kwenye vifundo.

"Shangazi, nimesema msije!"

"Si umetuita mwenyewe?" alisema Vumilia, akapiga magoti, akaanza kuvuta vyuma kwa mikono mitupu.