Eneo ni Salama

Miaka kumi na tisa nimepanda gari la wagonjwa, na hakuna aliyewahi kuniambia sijui kazi. Nimezalisha mama kwenye ngazi za ghorofa ya nne huku mumewe akizimia ghorofa ya tatu. Nimemtoa bwana harusi pande la nyama kooni mbele ya wakwe zake. Lakini Jumatatu ile, kwenye chumba cha mtihani chenye feni inayozunguka ikipenda, nilifelishwa na mdoli wa plastiki asiye na miguu.

Leseni zetu sisi watu wa huduma ya dharura huisha kila baada ya miaka miwili. Zamani kuzihuisha kulikuwa ni kukaa kwenye dawati, kujibu maswali kwa penseli, na kurudi kazini kabla chai haijapoa. Mwaka huu wakubwa wameamua kila mtu afanye kwa vitendo, mbele ya msimamizi mwenye orodha ya mambo arobaini. Msimamizi mwenyewe ni mama mmoja mfupi, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na tunamwita Bi Tiki kwa sababu ya kile anachokifanya kwa kalamu yake. Au anachokataa kukifanya.

Niliingia. Nikaangaza macho chumba kizima mara moja, maana hivyo ndivyo unavyojua kama kuna waya wa umeme, moshi au mbwa. Nikavaa glavu, nikapiga magoti, nikamtikisa mdoli bega, nikasikiliza pumzi, nikaanza kukandamiza kifua. Safi kabisa. Kisha nikanyoosha mkono nyuma kupokea mpira wa kupulizia hewa. Mkono ukabaki unaning'inia pale, wala hakuna aliyetia kitu.

Hapo lazima nimtaje Dereva. Miaka kumi na moja tunafanya kazi pamoja, yeye na mimi, na sijawahi kumwomba kitu kwa mdomo. Nikinyoosha mkono, kitu kipo. Nikikunja kidole, bandeji. Nikiinua bega, machela. Watu wa kituoni wananiita Bubu, na jina lenyewe nimelizoea mpaka nikiitwa la kwangu sigeuki.

"Alama kumi na mbili kati ya arobaini," alisema Bi Tiki.

"Kumi na mbili! Nimekosea wapi?"

"Hukusema eneo ni salama."

"Si umeniona nikiangalia?"

"Mimi siandiki macho ya mtu, naandika ninachosikia. Hukusema umevaa glavu. Hukusema unapima mapigo. Mgonjwa hukumsemesha hata neno moja."

"Mgonjwa ni plastiki!"

"Plastiki naye ana haki zake." Akafunga jalada. "Alhamisi unarudia. Ijumaa leseni yako inaisha. Ukifeli tena unashuka kwenye gari, unahamia chumba cha simu."

Chumba cha simu! Mtu anayeitwa Bubu akapokee simu! Dereva nilipomweleza alicheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia, halafu akakumbuka kwamba atapewa mtu mwingine wa kukaa naye, na kicheko kikakatika. Mimi sikucheka. Lile gari ndilo mahali pekee duniani ninapojua mikono yangu ifanye nini, na wazo la kukaa kitini nikisikiliza wenzangu wakiondoka na king'ora lilinitia uchungu wa kweli.

Nyumbani mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, aliichukua ile orodha kwa furaha ambayo sikuipenda. Aliichonga chaki yake ya kuchorea nguo, akakaa kwenye stuli kama hakimu. Tatizo likawa mgonjwa.

"Nitakuwa mimi," alisema mama mkwe wangu.

Mume wangu na mimi tulitazamana. Mama mkwe anaishi nasi, na ni miaka mitatu sasa, tangu alipovunjika nyonga, hajaniruhusu nimguse. Presha yake ya kila wiki anapimwa na jirani muuza vitambaa, anayefunga kipimo juu ya sweta na kusoma namba anazozipenda mwenyewe. Nilichukulia kwamba ni visa vya wakwe, nikavimeza.

"Ila mkono usinifikie, mkamwana," aliongeza. "Wewe sema tu."

Akajinyoosha kwenye kochi, akafumba macho. Mto tukauweka chini uwe kifua.

"Eneo," nilianza, "ni salama."

"Salama wapi?" alisema marehemu. "Hiyo pasi ya mwanangu inawaka pale."

"Mama, mgonjwa haongei."

"Sijafa, nimezimia. Soma karatasi vizuri."

Mume wangu akachora mkasi mkubwa wa chaki kwenye kipande cha kitambaa, maana yake kosa. Tuliendelea hivyo Jumatatu na Jumanne. Kusema kitu unachokifanya ni jambo la ajabu sana. Kwanza ulimi ulikuwa mzito, halafu ukafunguka, halafu ukakataa kufunga. Jumatano asubuhi nilijikuta natangaza jikoni: eneo ni salama, nafungua kabati, natia maji kwenye sufuria, sufuria inapumua vizuri. Mume wangu alitoka na chai yake akanywee mlangoni.

Jumatano jioni nikawa nimebakiza kipengele kimoja tu: kuzungumza na mgonjwa. Hapo nilikwama.

"Mtu amezimia," nilisema. "Nimwambie nini?"

Mama mkwe alifumbua macho. "Mwambie hafi."

"Hanisikii."

"Umejuaje?" Aliinuka taratibu, akashika mkongojo wake. "Siku ile nilipoanguka bafuni, ulikuja na gari lako. Nilikuuliza kama nakufa. Nilikuuliza mara tatu. Umenikazia macho, mdomo umeutia kufuli. Nikasema moyoni, huyu ameshaniona maiti, ila anaona haya kuniambia. Njia nzima hivyo, mpaka hospitali."

"Mama, nilikuwa nahesabu mapigo."

"Wewe ulikuwa unahesabu. Mimi nilikuwa najizika."

Mume wangu aliweka chaki chini. Mimi nilikuwa na maneno, tena mengi. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile niliogopa kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kwamba nilihesabu kwa sababu nikiacha kuhesabu ningelia. Yeye alisubiri kidogo, akaona hakuna kinachokuja, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Nilijichukia usiku kucha.

Alhamisi Bi Tiki aliniruhusu niingie na msaidizi, kwa kuwa kanuni inamruhusu anayerudia. Dereva alikuwa amepiga pasi shati na kujimwagia manukato ya kutosha mdoli mwenyewe kuzinduka.

"Eneo ni salama," nilisema, sauti ikajaa chumba. "Nimevaa glavu. Namtikisa mgonjwa. Haitikii. Nasikiliza pumzi. Hakuna. Naanza kukandamiza kifua."

Nilipofika kandamizo la ishirini na tisa, moja kabla ya zamu ya hewa, mpira wa hewa ulikuwa tayari umeshanigusa kiganja.

"Hajaomba!" alipaza sauti Bi Tiki.

Dereva akauchukua tena.

"Nipe mpira wa hewa," nilisema.

Akanitolea macho. Miaka kumi na moja, na ndiyo kwanza anasikia sentensi hiyo. Akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayekabidhi zawadi. Mara nikaona mashine ya kushtua moyo inanisogelea pembeni.

"Hajaomba hiyo pia!"

Maskini Dereva alikalia mikono yake. Naapa, aliikalia kabisa, na kila nilipoomba kitu aliinua kalio moja, akatoa mkono, akanipa, akaurudisha. Kalamu ya Bi Tiki ilikuwa inakwaruza karatasi, na mimi kila mkwaruzo nauhesabu. Kwa hesabu yangu nilikuwa naelekea vizuri.

"Zungumza na mgonjwa," alisema.

Nilimtazama mdoli. Uso wake ulikuwa wa kijivu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeuliza swali. Nikafungua mdomo, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mama," nilisema. "Mama, nipo hapa. Hufi. Nakuambia mimi, hufi. Ni nyonga imevunjika, inauma sana, najua, lakini mapigo yako nayashika hapa chini ya kidole changu na sitayaachia. Nikinyamaza usidhani nimekuacha. Ni woga tu. Mama, naogopa kukupoteza."

Feni ilisimama, ikaanza tena. Dereva alikuwa anatazama dari, na kidevu kinamcheza.

"Nyonga?" alisema Bi Tiki. "Mtahiniwa, huyu moyo umesimama."

Nilitazama chini kwenye kile kifua cha plastiki kisichokuwa na nyonga wala miguu, nikajua nimeharibu. Niliona chumba cha simu, kiti chake chenye magurudumu, na dirisha linalotazama maegesho.

Bi Tiki alivua miwani, akaifuta na upindo wa koti lake, akachukua muda wake. Akaivaa. Akasoma karatasi kwa kidole.

"Hapa pameandikwa azungumze na mgonjwa," alisema. "Hapajaandikwa azungumze nini." Kalamu ikakwaruza. "Thelathini na saba. Na huyo msaidizi wako amwone daktari, mikono yake haitulii."

Dereva alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Akaniambia, "Dada, tafadhali, kesho garini nyamaza," na nikamwambia nitajaribu.

Nilifika nyumbani saa kumi na cheti kimekunjwa mfukoni. Mume wangu alikuwa kwenye cherehani na mteja, akanionyesha chumba cha mama kwa kidevu. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikaa kitandani, kipimo cha presha mapajani, na sweta lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Mkono wa kushoto alikuwa ameshaukunja nguo mpaka juu.

"Jirani hajaja leo?" niliuliza.

"Nimemwambia asije." Alinyoosha ule mkono, akatazama ukutani. "Haya, pima. Lakini useme."

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimeshika watu maelfu, na mkono ule ulinitia hofu kuliko wote.

"Nakufunga kitambaa hapa juu ya kiwiko," nilisema. "Sasa najaza upepo. Kitabana kidogo, usiogope. Sasa nashusha. Nasikiliza." Nikasikiliza. "Mia moja na ishirini na nane kwa themanini. Nzuri sana, mama. Mapigo sabini na mbili."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayekagua bei.

"Na siku ile," aliuliza, bado anatazama ukuta, "ilikuwa ngapi?"

Sikuhitaji kufikiri.

"Bafuni ilikuwa mia moja kwa sitini, mapigo mia moja na kumi na nane. Tulipopita pale kwenye tuta, ulipopiga kelele, yalifika mia moja na ishirini na sita. Darajani mia moja na kumi. Getini hospitali tisini na sita. Hapo ndipo na mimi nilipopumua."

Mama mkwe aligeuka akanitazama. Ni miaka mitatu alikuwa hajanitazama hivyo, machoni, bila kutafuta kosa.

"Zote hizo ulikuwa nazo kichwani?"

"Bado ninazo."

Zamu hii bubu alikuwa yeye. Alifungua kile kitambaa mwenyewe, akakishusha, akaanza kukunja nguo ya mkono wa kulia, taratibu, mpaka juu ya kiwiko, kisha akaunyoosha mbele yangu.

"Na huu nao, mwanangu," alisema. "Anza upya, kuanzia eneo ni salama."