Mbao ya Unga

...na kile kipande cha MDF baba atakimaliza kwa mdomo kabla hakijaonja hata rangi, kwanza anakigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, halafu anakiweka sikioni kama mtu anayepokea simu, anasubiri, hakisemi kitu, anakishusha magotini na kutikisa kichwa, na fundi amesimama mbele ya ukuta mtupu wa sebule, futi mkononi, penseli sikioni, ameshauliza, "Dada, kwa milango sasa tutumie ipi?", swali fupi kabisa, na dada mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anayefundisha watu wazima kuendesha gari na kuwafokea kwenye mzunguko wa barabara bila kupepesa macho, amekwama, maana hayo mengine ya kabati la ukutani yamekwisha, rafu ni plaiwudi nene kwa sababu ya uzito wa vitabu, fremu ni mbao ngumu, hapo baba alitabasamu mpaka gego likaonekana, imebaki milango sita tu, ipakwe kijani laini kisichoonyesha hata mpito wa brashi, na fundi kasema wazi kwamba kwa mlango wa rangi MDF ndiyo yenyewe, haina nyuzi, haihangaiki na mvua wala kiangazi, mradi usiimwagie maji, sasa mwambie hayo seremala mstaafu aliyekaa kwenye kochi lako... "Hii ni mbao ya unga," baba anasema, hamwambii mtu, anaiambia hewa, "vumbi la msumeno limegandishwa kwa gundi. Vumbi hili sisi tulikuwa tunalifagia." Fundi anacheka kwa adabu, "Kweli mzee," mnafiki, si dakika tano zilizopita alikuwa anaisifia, lakini nani ana haki ya kumwita mwenzake mnafiki humu ndani, yeye aliyelelewa na lile kabati, kabati jeupe la kujengewa ukutani chumbani kwa wazazi, milango ya mbao halisi, kazi ya mikono ya baba, mvua zikianza tu milango inavimba na kung'ang'ania fremu, mama anaweka mguu ukutani, anavuta kwa mikono miwili, yeye mtoto anamshika mama kiuno, wanavuta wote, mlango unaachia ghafla, chali kitandani wote wawili, wanacheka huku wameziba midomo kwa mito, baba yuko uani asije akasikia, na kiangazi kikija mbao inasinyaa, rangi inapasuka mistari kwenye kila kiungo, na mama anaziba nyufa kwa dawa ya meno, nyeupe kwa nyeupe, chumba kizima kinanukia mnanaa, na baba akirudi kutoka karakana lazima aulize, "Kabati linafunguka vizuri?", na mama, bila haya, "Linafunguka lenyewe, mume wangu," hata siku ya sherehe ya kumaliza shule, gauni la binti limefungiwa humo na halitoki, akavaa la jirani, fupi, limembana kwapani, baba akauliza lako liko wapi, akajibu hili nimelipenda zaidi... miaka thelathini ya kulinda heshima ya mlango, na leo asubuhi mama kampigia simu kwa sauti ya chini, "Usimvunje moyo baba yako, chagua mbao, ikikwama dawa ya meno ipo," yaani urithi wenyewe ndio huo, naye awafunze wanawe kuvuta na kuanguka na kusema linafunguka lenyewe, na babu yao akija kila Jumapili aulize, na wao waape, hapana, lakini akisema MDF, hapo hapo mbele ya fundi, baba atanyamaza, na kunyamaza kwake anakujua, ataomba maji, hatayanywa, atasema nyumba ni yako mwanangu, na moyo wake utakuwa umeshaondoka zamani kwenda kituoni kungoja basi... bora asingemwalika, lakini ungejengaje kabati usimwite baba yako aliyeishi kwa randa na msasa...

"Mwanangu," baba anasema, kumbe amevua koti kwa joto, analishika mkononi, macho yanazunguka kutani, "hili nalitundika wapi? Huna hata msumari?", na yeye anatazama lile koti, msumari, msumari gani... ule wa nyuma ya mlango wa chumba chao, shati juu ya shati juu ya shati, suruali za baba zote, hata ile ya harusini, zimelundikana pale mpaka mlango haugusi ukuta, mama akinung'unika baba yako huyu, kabati zima ametengeneza na bado msumari unamtosha, na hawakuuliza, ala, miaka yote hiyo hawakuuliza, hata shati moja la baba halikuwahi kuingia mle ndani, alijua, alijua tangu mvua za kwanza, na kila jioni aliuliza linafunguka, si kwa kujisifu, alikuwa anaomba, mtu mmoja tu aseme halifunguki achukue randa aliondolee unene kidogo ubavuni, kazi ya nusu saa, ila nao wakamjibu linafunguka lenyewe, sasa angeirekebishaje milango isiyo na kasoro, maskini baba, wamemnyima nusu saa ile miaka thelathini, kwa upendo, kwa mnanaa, na fundi anakohoa, "Dada? Milango?", futi bado mkononi, ukuta bado mtupu, baba bado amesimama na koti lake, na neno MDF sasa limekaa jepesi kabisa ulimini, atalisema, litasubiri kidogo tu, kwa sababu kuna swali jingine limelitangulia na anataka kulisikia linajibiwa na mwenyewe: baba, lile kabati lenu, wewe uliwahi hata siku moja kulifungua?