Barua ya Kitwana ya Kurasa Tatu

Kitwana hakuwahi kuwa karani. Huko Tabora alifagia ofisi ya karani kwa miaka sita, akarudi Singida mjini na taipureta kuukuu na tai moja ya shingoni, na kwa ajili ya tai hiyo sisi watu wa kijiji cha Sepuka tukamwita Bwana Karani. Mimi pia nilimwita hivyo, Mungu anisamehe, mpaka nilipojifunza kusoma.

Mwaka ule mtama ulikauka shambani kabla ya kutoa masuke. Sisi warina asali tulibaki na nta tu, na asiyeuza nta alijua kwamba watoto wake watalala njaa kabla ya mvua. Ndipo kampuni moja ya Wazungu wa Dodoma, wanunuzi wa nta, ikatuandikia. Barua yao ilikuwa fupi. Lori lao lingepita Sepuka mara moja, mwezi wa saba. Kila anayetaka kuuza aandike mapema jina lake na idadi ya magunia yake. Asiyekuwa kwenye orodha hatapakiwa.

Niliwasomea wenzangu barua hiyo polepole, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa na miezi saba katika darasa la jioni kanisani.

"Umesoma vizuri, shemeji," akasema Mathayo, kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekuwa msemaji wetu. "Lakini kuwajibu Wazungu si kazi ya mtu wa kidole. Twende kwa Bwana Karani."

Tukaenda mjini kwa miguu. Kitwana alikuwa amekaa kwenye baraza ya fundi cherehani.

"Karibuni, wazee wa nta! Nimewajua kwa harufu tangu mko mtoni."

Wenzangu wakacheka, kana kwamba wamesifiwa.

"Waandikie kwamba nta tunayo," akasema Mathayo.

"Nyingi?"

"Ya kutosha."

"Magunia mangapi?" nikauliza mimi. "Wameuliza idadi."

Mathayo akanigeukia. "Shemeji! Mali ya mtu haihesabiwi mbele za watu. Ukitaja idadi unaita jicho baya."

Huyu ni mzee wa kanisa. Kila Jumapili yeye ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka.

Kitwana hakubisha. Alilipwa kwa ukurasa, na idadi ni neno moja tu, lakini sifa hazina mwisho. Akachapa kurasa tatu, nami nikazisoma zote nikiwa nimesimama. Zilianza hivi: "Kwa Bwana Mkubwa Mtukufu, Mwenye Huruma, Baba wa Maskini." Baba wa maskini ninayemjua mimi ni mmoja, na hanunui nta. Zikafuata salamu za wake zetu, za watoto wetu, na za ng'ombe wetu pia. Kisha sisi watumwa wake tukabusu vumbi la viatu vyake. Chini kabisa ya ukurasa wa tatu, juu kidogo ya alama ya kidole cha Mathayo, iliandikwa kwamba nta ipo, nyingi kama mchanga wa mtoni.

"Bwana Kitwana," nikasema, "umeandika kila kitu isipokuwa jibu."

"Wewe unasoma kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Zefania."

"Mwambie akufundishe adabu kwanza. Mtoto akiota jino la kwanza humng'ata mama yake."

Walicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. Mathayo akanishika bega kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. "Barua bila salamu," akaniambia, "ni mtu anayeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi."

Nyumbani nilipiga magoti nikamwomba Mungu aniondolee dharau moyoni. Niliomba kwa muda mrefu. Dharau haikutoka, basi nikainuka nikaandika barua yangu. Ilikuwa na mistari minne. Asubuhi niliwasomea wenzangu, nikawauliza nani niandike jina lake.

"Hata hamjambo haina!" akasema mmoja. "Mimi usinitie humo."

"Wataona Wanyaturu hatujafundwa," akasema mwingine.

Rahabu peke yake, mjane aliyerithi mizinga ya mumewe, ndiye aliyekuja mbele. "Andika langu. Manane."

"Mama, huogopi jicho?" akauliza Mathayo.

"Mzee Mathayo, mimi naogopa njaa."

Nikaandika: Yeremia, magunia sita. Rahabu, magunia manane. Barua zote mbili zikatumwa siku moja.

Majibu yalikuja pamoja. Mimi na Rahabu tulipewa tarehe ya lori. Mathayo aliandikiwa hivi: "Asante kwa salamu. Magunia mangapi?" Wiki mbili zilikuwa bado zimebaki. Neno moja lingetosha. Mathayo akarudi kwa Kitwana, na Kitwana akamwandikia kurasa tano za kushukuru kwa kushukuriwa.

Lori lilipofika, watu wote walikuwa njiapanda na nta yao. Dereva alitoa karatasi moja mfukoni. Akaita jina langu, akaita la Rahabu, magunia yetu kumi na manne yakapakiwa. Kisha akaikunja karatasi.

Mathayo akamsogelea. "Dereva, habari ya safari? Habari ya Dodoma? Watoto hawajambo?"

"Wazima, mzee. Jina lako?"

"Mathayo. Tumeandika kurasa nane!"

"Jina lako halimo humu." Dereva akatazama nyuma ya lori, akakuna kichwa. Alikuwa mtu mwema. "Nafasi kidogo ipo. Niambie tu, mko na magunia mangapi? Nikiona yanaingia nitayabeba, maneno ya ofisini nitayajibu mimi."

Watu wote wakamtazama Mathayo. Naye akawatazama, mmoja mmoja.

"Ya kutosha," akasema.

"Mangapi, mzee?"

"Si unayaona?"

Dereva akangoja. Mimi nilikuwa nimekwisha kuyahesabu kwa macho. Yalikuwa kumi na tisa, na yangeingia. Ningeweza kusema. Nilimtazama shemeji yangu, kidole changu kikiwa mfukoni, na nilitaka aseme yeye mwenyewe.

Dereva akapanda, akawasha lori, na yale kumi na tisa yakabaki njiapanda.