Sauti Namba Tatu

Kabla ya kuingia chuo, Mwanamkisi hakujua kwamba Kiingereza kina matabaka. Alikuja kulijua hilo Amu, mjini Lamu, kwenye madarasa ya jioni, wiki ya kwanza aliposimama kujitambulisha. Alisema jina lake, akasema kwao ni Siyu kisiwani Pate, ana mtoto mmoja na anasomea utalii. Maneno yenyewe hayakuwa na kosa, alikuwa ameyapanga tangu mchana. Lakini alipomaliza, Murithi, kijana wa Meru anayependa kukaa nyuma, aliuliza darasa zima lisikie, "Sasa huyu anaongea ama anatuimbia?"

Wakacheka. Mwanamkisi naye alicheka, asionekane ameumia. Kisha akakaa, na tangu jioni hiyo akawa mwanafunzi wa kalamu tu. Mwalimu akiuliza swali, yeye hulijibu daftarini, jibu zuri lisilosikiwa na mtu.

Kwa kunyamaza huko aliyajua matabaka yenyewe. Juu kabisa yuko anayezungumza kama Mwingereza wa Uingereza. Chini yake wako wa kutweng, wanaopitisha maneno puani mpaka yatokee Marekani. Mkuu wao darasani alikuwa Michelle, binti wa afisa wa serikali, mzaliwa wa Nakuru, ambaye ndege pekee aliyowahi kupanda ni ile iliyomshusha uwanja wa Manda. Chini tena wako wa kushrabu, ambao lugha ya mama inachungulia kila wakifungua kinywa, nao ndio waliokuwa wengi, ingawa kila mmoja alidhani ni mwenzake. Na mtu wa Siyu? Mwanamkisi alijiweka sakafuni, ngazi inapoanzia.

Basi muhula wa pili akaja Bwana Jamaludin. Alikuwa na nyumba ya kale mtaa wa Mkomani, ameikarabati mpaka zidaka zote za ukutani zikarudi kuwa nyeupe, na sasa alitaka kuwafungulia wageni. Kila mgeni angevaa kifaa cha masikioni, apite chumba baada ya chumba akisimuliwa habari za nyumba.

"Nyumba ninayo, hadithi ninayo," aliwaambia wanafunzi. "Sina sauti. Nikiipata, itasimulia nyumba yangu na za ndugu zangu pia, na kila maneno yakibadilika tutamwita mwenye sauti aje."

Mwanamkisi akapiga hesabu upesi. Kazi ya mchana, ya ndani, mwanawe Fahima akiwa amelala chumba cha pili! Kazi isiyomtaka asimame gatini, mashua zinaposhusha watu, akigombania wageni na wanaume wenye makoo mapana. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, hata mumewe Fadhil aliyekuwa kazini Kiunga: alitaka mara moja tu asikilizwe mpaka mwisho.

Madam Nerea, mwalimu wao, alipanga mashindano. Kila mmoja ajirekodi nyumbani kwa simu, asome ukurasa wa kwanza wa hadithi ya Bwana Jamaludin, kwa Kiingereza. Madam angepiga sauti bila majina, kwa namba tu, na darasa litoe alama.

Fahima, wa miaka mitatu, alikuwa na katuni yake ya familia ya bata. Mama bata alizungumza Kiingereza kilichopigwa pasi, hakina kunyanzi hata moja. Mwanamkisi akamfanya mwalimu wake. Akikuna nazi, anasema kama mama bata. Akipepeta mchele, mama bata. Mama mkwe wake, Bi Huwaida, alimtazama siku mbili nzima akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, una nini?"

"Nasoma, mama."

"Masomo gani ya kukaza shingo hivyo?"

Akajirekodi hivyo hivyo, shingo imekazwa, akatuma.

Jioni ya kusikiliza, Madam Nerea aliweka spika ndogo juu ya meza. Sauti namba moja ikapita, watu wakaandika alama. Ya pili ikapita. Ya tatu ilipoanza, kalamu zikasimama.

"Manze!" Michelle alisema. "Huyu ametoka majuu. Madam, umetuwekea mzungu?"

"Huyu amesoma," Murithi akasema. "Unasikia tu. Huyo ana digrii hata hazihesabiki."

Yassir, kijana wa hapo hapo Amu aliyezoea kutembeza wageni, alitikisa kichwa. "Mimi huyu akinambia niruke bahari, naruka na nguo."

Mwanamkisi aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndara.

Alama zilipojumlishwa hakukuwa na ubishi. Wa pili alikuwa Michelle, kwa mbali. "Sauti namba tatu, tafadhali simama," Madam akasema, na Mwanamkisi aliposimama, kila mtu alitazama nyuma yake kuona ni nani hasa aliyesimama.

"Wewe?" Murithi alisema.

Kisha wakapiga makofi, meza zikalia. Michelle alikuja kumkumbatia. "Kumbe ulikuwa umetuficha, msichana!" Jioni hiyo walimwekea kiti cha mbele, wakamuuliza maoni yake juu ya mambo ambayo hawakuwahi kumuuliza. Alikuwa na furaha. Lakini kila alipowajibu, ilimbidi amtafute mama bata kwanza, na alifika nyumbani shingo inamuuma.

Kurekodi kulikuwa Alhamisi. Jumatano adhuhuri, akimlaza Fahima, aliona atumie nafasi hiyo kufanya mazoezi. Akaanza kumsimulia hadithi ya sungura kwa sauti ile ile ya ushindi.

Fahima alifumbua jicho moja. "Mama, mwambie huyo ende kwao."

"Nani?"

"Huyo. Nataka wewe uye."

Mwanamkisi alicheka, akaendelea na sungura wake. Mtoto akampachika kiganja kinywani, kiganja kidogo chenye kunata halua, akakibana kwa nguvu zake zote. Chumba cha pili Bi Huwaida alisikia yote.

"Hayo ndiyo nikwambiayo!" alipaza sauti. "Fadhil kaenda Kiunga ameata mke mmoya, akirudi atakuta wawili!"

Walicheka mpaka Mwanamkisi akafuta machozi. Mtoto alipolala, kicheko kikaisha, kikabaki kitu. Alimwona mama bata akipita katika nyumba ile ya Mkomani, akionyesha chumba alikotandikiwa bibi harusi, jiko walimopika wazee waliokufa zamani, akisema sisi tulifanya hivi, sisi tulipika hivi. Sisi gani, bata wewe? Na siku moja watoto wa shule wataletwa kuitembelea nyumba, Fahima akiwemo na kifaa chake masikioni, na hatajua kwamba anayesema ni mamake.

Akiacha sauti ile, kazi ingeweza kwenda kwa Michelle. Alijua hivyo. Aliligeuza jambo hilo kichwani mpaka wali ukaungua chini.

Alhamisi Bwana Jamaludin alikuja na vyombo vyake vya kurekodia. Hata hajavifungua, Mwanamkisi alinyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo.

"Madam, ile sauti si yangu. Ni ya bata."

Ilibidi aeleze, na maelezo yalilivunja darasa mbavu. Alingoja wanyamaze. "Nataka nisome kwa sauti yangu. Mkinikataa, basi mnikatae mimi mwenyewe."

"We, usiharibu!" Michelle alimvuta buibui, yeye ambaye kazi ingemwendea. "Umeshapita!"

Ndipo Murithi akakohoa. "Kusema ukweli, hata ile yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya msomaji wa taarifa ya habari."

"Yangu ni ya mgeni mmoja niliyemtembeza Shela," Yassir akakiri. "Mtu wa Texas. Alikuwa na kofia."

Wote wakamgeukia Michelle. Alicheza na pete yake kidogo. "Mimi hata sijui yangu iko wapi," alisema. "Niliiacha darasa la sita, walinicheka shule mpya." Mwanamkisi akamshika mkono.

Madam Nerea alivua miwani akaifuta, mabega yakimtikisika. "Niliomba sauti zenu, mkaniletea wageni watupu! Haya, tunaanza upya. Kila mtu atoke nje, afunge mlango, asomee huko, tusikie sauti bila sura. Na atakayeleta mgeni mwingine namfelisha."

Murithi alitangulia. Ukisikia Kiingereza chake unauona mlima wa kwao Meru, na alikimbia nacho kama mtu anayewahi mvua. Walicheka, naye akacheka nje ya mlango, lakini alisoma vizuri kuliko mara ya kwanza. Michelle alianza, akasimama, akaanza tena, na mara ya tatu ikatoka sauti ya msichana wa Nakuru, nyembamba na yenye haya, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Kisha Mwanamkisi akatoka, akafunga mlango.

Ukurasa wa Bwana Jamaludin ulieleza mgeni anavyoingia nyumba ya watu. Usisukume mlango. Simama barazani, bisha. Neno moja mwandishi alikosa tafsiri yake akaliacha kama lilivyo, nalo ni hodi. Wenzake walilisoma kama walivyosoma maneno mengine. Mwanamkisi alisoma mistari ya juu, akivuta maneno kama yanavyovutwa Siyu. Alipolifikia neno lile hakuweza kulisoma. Hodi haisomwi. Aliipiga kama anavyoipiga kila siku, si kwa juu si kwa chini, akiwapa walio ndani muda wa kujisitiri.

"Hodi! Hodi ndani!"

"Karibu!" darasa zima likaitika.

Bwana Jamaludin aliitika kupita wote. Yassir alisogeza kiti kutoa njia. Na Murithi, aliyekuwa karibu, alishainuka akafungua mlango kwa adabu zote. "Karibu, pita ndani."

Mwanamkisi alikuwa amesimama kizingitini na karatasi mkononi. "Lakini sijamaliza," alisema.

Walitazamana. Murithi aliutazama mkono wake kwenye kitasa kana kwamba umewekwa hapo na mtu mwingine, na kicheko kilichofuata kilimleta bawabu kuja kuuliza kuna nini.

"Haya, alama," Madam Nerea alisema alipoweza kusema.

"Alama za nini tena, madam?" Michelle akajibu, kwa Kiswahili cha Nakuru. "Si mlango umeshafunguliwa?"

Hakuna aliyepinga. Bwana Jamaludin alikuwa tayari anakunjua nyaya zake.

"Malizia basi," Murithi alimwambia, bado ameushika mlango.

"Nianzie wapi?"

"Hapo ulipokaribishwa."

Akasoma, amesimama pale pale, mpaka mwisho wa ukurasa. Hawakucheka, ila mahali pamoja, Bwana Jamaludin alipoandika juu ya bwana harusi aliyepotea kwenye vichochoro usiku wa harusi yake akaingia nyumba ya jirani. Hapo walicheka sana, na Mwanamkisi akangoja wamalize, akaendelea.