Kumruka Dada

Jana alfajiri majivu ya volkano ya Merapi yalianguka, yakalala juu ya vigae, juu ya migomba, juu ya sufuria ulizoziacha uani. Na wewe, Dada Ratmi, ukafagia. Ulifagia kwa ufagio wa chelewa, umeinama, na mimi nilisimama mlangoni nikikutazama. Jana ilikuwa siku yangu ya kuogeshwa maji ya maua. Leo naolewa na Prasojo. Wewe hujaolewa.

Kwetu, mdogo akitangulia kuolewa, humpigia magoti mkubwa wake na kumwomba ruhusa ya kumruka, na mkubwa hutaja anachotaka. Asiporidhia, shughuli inaingia nuksi.

Wiki nzima nilikuuliza unataka nini. Wiki nzima ukajibu, chochote tu. Chochote si jibu, nami nalijua hilo tangu utotoni. Ni mlango uliorudishwa bila komeo, unangoja abishe anayekupenda. Sikubisha. Nilikwenda sokoni nikakununulia batiki na blauzi ya lesi, nikarudi nyumbani moyo mwepesi, na wepesi ule ndio unaonitafuna.

Maana ni wewe uliyeamka kabla ya adhana kupika fenesi changa kwa sukari ya mnazi, ukaliuza barabarani, mimi nikasomea ukunga. Ni wewe unayembeba Mama tangu miguu yake ilipoisha nguvu. Mikono yako inanuka moshi, yangu inanuka sabuni ya hospitali. Nimekula jasho lako nikashiba, Dada, kisha nikakuruka.

Jana adhuhuri ua ulijaa watu. Mama aliketi kwenye kiti cha mwanzi. Dada yake, Mama mkubwa Tuginah, ambaye mdomo wake hauna breki, akakutania mbele ya wote kwamba kifaranga kimeruka ua na tetea bado amelala. Kisha akakufariji kwamba subira yavuta heri. Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikapiga magoti. Nikasema maneno niliyofundishwa, nikakuinulia sinia la nguo. Ukalipokea, ukaliweka pembeni bila kulifunua. Ukaniinamia kama anayebariki, ukanong'ona.

"Nguo ninazo, mdogo wangu. Nataka umchukue Mama."

Nikakutazama. Hukuwa na hasira.

"Nimepata kazi ya upishi mjini Semarang. Na mimi nataka kwenda. Nilingoja uniulize."

Nyumba ya Prasojo huko Solo ni vyumba viwili, na sikuwahi kumtajia habari ya Mama. Sikuwahi hata kufikiri. Katika mipango yangu yote wewe ulikuwa nguzo ya nyumba hii, na nani huiuliza nguzo kama imechoka? Nikasema ndiyo, haraka haraka, kwa sauti ile laini tunayowajibia wageni.

"Hiyo ni ndiyo ya wageni," ukasema. "Nipe nyingine."

Watu walingoja. Maji ya maua yalingoja kwenye mtungi. Nikageuka kwao, magoti yangali chini, nikasema kwa sauti ambayo bibi harusi hasemi.

"Mama ataishi kwangu. Dada anakwenda Semarang."

Hakuna aliyecheka. Neno lililosemwa mbele ya ua mzima halirudi mdomoni, na Prasojo atakuwa amelisikia kwa wengine kabla ya kulisikia kwangu. Mama naye hakuulizwa. Alishika tu mkono wa kiti. Hilo nalo nitalibeba.

Ndipo ukaniwekea kiganja kichwani, ukaridhia. Kiganja kilikuwa na majivu. Maji yalipomwagwa yalinitiririka ya kijivu hadi miguuni, na sikulia kwa ajili ya harusi.

Leo alfajiri majivu yameanguka tena, na mimi nafagia. Anayenipamba ananiita, kucha zangu zimechafuka, na ufagio nimeushika vibaya. Wewe umesimama mlangoni, unanitazama. Hujaniambia niache.