Maoni ya Mzee Goti

Baada ya chakula cha mchana duka la dawa huwa limepoa. Mfamasia alisimama nyuma ya kaunta, mkono mmoja ukipanga chupa za dawa ya kikohozi, mwingine ukibishana na watu kwenye simu. Ubishi ulikuwa ule ule wa wiki nzima: toleo jipya la gemu la kulinda mji limeharibu mchezo, au wachezaji ndio wamekuwa wavivu? Mfamasia aliandika kwamba toleo halina kosa, ila watu wamezoea kushinda bila kujenga ukuta. Majibu yakamiminika. Umenena, mzee. Tunajifunza mengi kwako, mzee.

Mzee huyo alikuwa yeye. Alipojiunga na kundi la wachezaji mara ya kwanza aliweka picha yake mwenyewe, ya mwanamke, na kutoa maoni haya haya, wakamuuliza ameazima simu ya nani, na je, jikoni kwao hakuna kazi? Alitoka kundini, akapiga picha bango la dawa ya kuchua magoti lililobandikwa pale dukani, lenye mzee wa mvi anayetabasamu, akarudi kwa jina la Mzee Goti. Tangu hapo hakuna aliyemkatiza.

Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alicheka mpaka akashika mbavu aliposikia habari hiyo. Alisema yeye hawezi kujificha nyuma ya goti la mtu. Akaingia kwa jina lake, maiki wazi, na tuseme ukweli, binti alikuwa anajua kucheza. Akishika lango, adui hapiti. Siku moja mchezaji aliyejiita Kamanda aliacha lango wazi akakimbilia hazina, mji ukaanguka, na kundi zima likamgeukia binti. Walimtukana yeye, wakamtukana na marehemu mama yake. Binti akavua hedifoni, akazitia kabatini chini ya mashuka, na jioni zake zikawa za kutazama dari. Jambo hilo lilimuuma sana dada yake. Alitaka mdogo wake arudi mchezoni, na waliomtukana wamwombe radhi. Basi.

Kundi likaamua kukutana ana kwa ana kuchagua nahodha mpya. Mgeni rasmi aliyealikwa alikuwa Mzee Goti.

Siku ya mkutano, mfamasia akiwa anamtafutia mteja dawa ya macho, Mzee Goti alishuka kutoka kwenye bango. Bango lilimwonyesha kuishia kiunoni, kwa hiyo alishuka bila suruali, ikabidi asimame nyuma ya kaunta mpaka mume wa mfamasia alipoleta ya kwake.

"Fupi kidogo," mume alisema, akiipima kwa macho.

"Itafaa, mwanangu."

Mteja akapokea dawa yake, akamwamkia mzee, akaenda zake.

"Gemu lenyewe unalijua?" mfamasia aliuliza.

"Hata simu sijawahi kushika. Mimi najua kuchua tu."

"Basi wewe kaa, nitasema mimi."

Mkutano ulifanyika chumba cha juu ya duka la fundi simu, kwenye viti vya plastiki. Mfamasia alikwenda na mzee upande mmoja na mdogo wake upande mwingine. Kamanda, kumbe, alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole, aliyemsogezea mzee kiti kwa mikono miwili na kumuuliza kama feni inampiga. Mfamasia alimtazama kwa udadisi usoni, akitafuta mahali matusi yale yalipokuwa yanatokea. Hakupaona.

Alisimama. Alisema lango liliachwa na Kamanda, na rekodi ya mchezo ipo, atakaye aitazame. Alisema mdogo wake alitukanwa kwa kosa la mwingine.

"Samahani, dada," Kamanda alisema kwa upole. "Tungependa kumsikia mzee kwanza."

"Maneno yote ya mzee niliyaandika mimi. Huyu ametoka kwenye bango la dawa dukani kwangu."

"Ni kweli," alisema Mzee Goti. "Hata suruali si yangu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alisema ndiyo maana sura hiyo aliiona duka la dawa la mtaani kwao pia.

"Hatukatai," alisema Kamanda. "Lakini mzee ni mzee."

"Msikilizeni huyu mama," mzee alisema. "Mwenye maneno ni yeye."

Wakampigia makofi. Walisifu unyenyekevu wake, wakasema wazee wa kuwapa kina mama nafasi namna hiyo wamebaki wachache. Makofi yalipotulia, Kamanda akamwinamia.

"Sasa wewe mwenyewe, mzee, unaonaje?"

Mzee Goti alifikiri sana.

"Chua asubuhi na jioni," alisema.

Mwanachama mmoja akawaeleza wenzake kwamba mzee anazungumzia mazoezi, wakakubaliana naye, na Mzee Goti akachaguliwa nahodha. Kuhusu binti walisema ule ulikuwa utani wa gemu tu, asiuweke moyoni. Kwa kuwa nahodha hashiki simu, mtu wa kumchezea anahitajika, na wao hawana kinyongo: binti anakaribishwa kutumia picha ya mzee. Maiki tu aizime.

Mfamasia alitaka kuwajibu. Mdogo wake akamshika mkono. "Dada, mimi nataka kucheza," alisema.

Jioni ile alicheza sebuleni, dada yake kando yake. Mzee Goti alikuwa amekwisha lala chumba cha wageni. Binti hakuwa amegusa gemu kwa muda mrefu, vidole vilikuwa vizito. Akateleza darajani na bendera mkononi, akatumbukia mtoni, na timu nzima ikashindwa kwa sababu yake. Akafumba macho, akasubiri.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Kamanda. Pole, mzee, daraja lile hata sisi hututelezesha. Wa pili ukamshukuru kwa kujitahidi. Wa tatu ukauliza kama hajaumia goti.

Binti alizisoma jumbe zote, kisha akarudia mwanzo, polepole.

"Ndivyo walivyo siku zote?" aliuliza.

"Kwangu, siku zote."

"Kumbe ni watu wazuri hivi," alisema mdogo wake, akabonyeza kuanza upya.