Bahari Haikupiga Hodi

Adhuhuri, mwanga hushuka kisimani kwetu. Hupita juu ya mapaa ya mabati ya Mji wa Kale, ukachungulia uani, ukavuka ukingo wa mawe, ukatua juu ya maji kama sahani nyeupe iliyosahauliwa chini. Mwanangu, wewe uliye tumboni, hujaiona sahani hiyo. Mimi nilionyeshwa nikiwa na siku arobaini.

Ndiyo ada ya nyumba yetu. Mtoto akitimiza arobaini huzungushwa chumba kwa chumba, hapa ndipo pa kulala, hapa ndipo pa kuswalia, na mwisho huinamishwa kisimani akaambiwa: haya ni maji yako. Hivyo aliambiwa mama. Hivyo niliambiwa mimi. Na wewe je? Naogopa, mwanangu. Nalisema mapema usije ukadhani nakubembeleza.

Kisima chetu kilikuwa na jina mtaani. Mifereji ya mji ilipokauka, majirani walikuja na ndoo, nasi tukawachotea huku tukiringa. Chai ya maji yetu, tulisema, haihitaji iliki. Uongo mtupu, ila tuliupenda.

Kisha akaja Zilpah, muuguzi, mtu wa Kakamega, akapanga chumba cha juu. Siku ya kwanza nilimpelekea birika la chai. Akanywa funda moja, akanitazama.

"Fadhiya, hii chai umeweka chumvi?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwita mama kwa sauti: njoo umsikie mgeni wetu, watu wa bara hawajui chai na supu! Zilpah akacheka kwa adabu, akakiweka kikombe chini, hakukigusa tena. Mama hakucheka. Nililiona hilo, nikalipita.

Ulipoingia mwezi wa saba, miguu yangu ikafura. Viatu vikanikataa, pete ya ndoa ikanibana. Zilpah alinikuta napanda ngazi kwa kushika ukuta, akaenda kuleta kipimo chake cha presha, akanifunga mkononi, akapima, akapima tena. Uso ukambadilika. Akauliza natia chumvi kiasi gani katika chakula.

"Hatutii," nikamwambia. "Wali wetu hautiwi chumvi kabisa."

"Tangu lini?"

Nikaanza kuhesabu miaka. Nilipokuwa mdogo, mama alitia chumvi kwa kiganja. Nilipovunja ungo, kwa vidole vitatu. Nilipoolewa, kwa viwili. Sasa kopo la chumvi limekaa kabatini mpaka limeota kutu, na hakuna siku wali ulitoka chapwa. Mkono wa mama ulijua, ulimi wangu haukujua. Mazoea yana taabu. Tulikuwa tukiinywa bahari, mwanangu, funda kwa funda, mwaka kwa mwaka, na kusema alhamdulillahi.

Bahari haikupiga hodi.

Nilishuka nikamkuta mama anapepeta mchele. Hata salamu sikutoa.

"Ma, ulijua?"

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Nalijua," akasema. "Nalijua, mwanangu. Nani wa kuiambia nyumba kuwa maji yake yafa? Nalisema nikipunguza chumvi yatosha. Nalisema mvua ya mwaka ikija, utamu utarudi."

"Na yule wa kwanza?"

Akaanza kupepeta tena. Wa kwanza ni ndugu yako. Yeye alitaka kuja mwezi wa nane, miguu yangu imefura vivi hivi, nikapatwa na kifafa cha mimba, nikazinduka kitandani sina tumbo wala mtoto. Tukasema ni kudra. Ni kudra, sikatai. Lakini nilipanda tena juu nikamuuliza Zilpah kama ni maji.

"Siwezi kuapa ni maji," akasema. "Na siwezi kuapa si maji. Wacha kuyanywa leo."

Jibu hilo ndilo ninalotembea nalo, wewe ukiwa mbele yangu na lenyewe likiwa nyuma.

Tukamwita Baya, fundi wa visima. Akatia kamba, akaonja, akatema. "Dada," akasema, "chini ya kisiwa hiki maji matamu yameyakalia ya chumvi. Ndiyo yanayoyazuia yasipande. Sasa nyinyi mwavuta kwa pampu, jirani avuta, magorofa ya mtaa wa Tudor yavuta, na bahari yenyewe haikai ilipokuwa ikikaa. Hayo matamu yakiisha?" Akakipandisha kiganja chake taratibu, kutoka gotini mpaka kidevuni. Kisha akapiga kisigino kwenye sakafu ya ua. "Na saruji hii ni ya nani? Mvua itapita wapi?"

Saruji ni yangu, mwanangu. Niliitaka kwa ajili ya harusi yangu, wageni wasikanyage tope, viti vya kukodi visimame sawa. Palikuwa na mkunazi hapa, alioupanda nyanya yangu. Tukaukata ili hema lienee. Niliufunga mdomo wa ardhi kisha nikacheza juu yake, nikapigiwa vigelegele.

Sasa naogopa vitu ambavyo sikuwahi kuviogopa. Naogopa ukuta wa ukumbi, unaotoa unga mweupe hata ukipakwa chokaa upya. Niliulamba, ni chumvi. Naogopa mchicha wa sokoni Marikiti, sijui umenyweshwa nini. Muuza maji hupita na mkokoteni wake, mitungi ya manjano imepangwa, nami hutoka kununua kwa furaha. Jana nilimuuliza kisima chake ki wapi. "Tudor," akanijibu akitabasamu, "maji safi, dada." Roho ikanishuka mpaka kwenye hii miguu iliyofura. Nikarudi ndani mtungi mtupu. Zilpah ndiye anayeniletea maji ya kunywa kutoka kazini kwake, chupa mbili kila jioni, na mimi nayanywa kwa kuyapima kama dawa.

Mama hanywi ya chupa. Ameshika mtaimbo. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, amebandua saruji kipande cha ukubwa wa mswala, na katikati amepanda kokwa ya mkunazi. Bomba la paa ameligeuza limwage hapo. Twasubiri vuli. Vuli imechelewa. Mama hutazama mbinguni, Zilpah hutazama kipimo, na wote wawili wakinigeukia mimi hutabasamu haraka mno.

Presha haijashuka. Nakwambia kwa kuwa ni yako pia.

Adhuhuri ya leo nimekwenda kisimani. Kutawadha kwa maji haya kwafaa, nimetawadha. Kisha nimeinama kadiri tumbo lilivyoniruhusu. Sahani nyeupe ipo pale pale, lakini Baya alinifunza kuitazama, na sasa siwezi kuacha. Bahari inapojaa kule nje, na maji yetu hupanda jiwe moja. Bahari inapotoka, hushuka jiwe moja. Miaka yote nilidhani mwanga ule umetushukia kutoka juu. Leo nimesimama nikauona ukipanda kunijia, polepole, kama mtu wa nyumbani anayeijua ngazi.

Wewe ukageuka tumboni. Nikashika ukingo kwa mikono miwili.

Ada ni ada. Siku yako ya arobaini nitakuleta hapa, nitakuinamisha, nitakuonyesha sahani ile. Haya ni maji yako, nitakwambia, kama nilivyoambiwa mimi, kama alivyoambiwa mama. Kisha nitaongeza neno ambalo halijawahi kusemwa katika nyumba hii: usiyanywe.

Njoo tu, mwanangu. Njoo ukiwa hai, nikukataze.